Vibati vya Walioshindwa

Kila mwaka, juma moja kabla ya fainali,
baba yangu Hermenegildo alichonga vibati viwili vya shaba,
maana kombe halimsubiri fundi:
hawa wakishinda, kipigiliwe hiki,
wale wakishinda, kipigiliwe kile.
Kimoja kilibaki kwenye kitako cha mti cha Kombe la Bara.
Cha pili kilirudi nyumbani Asunción, mfukoni,
pamoja na misumari minne iliyokosa kazi.

Shirikisho halikukidai.
Nani adai jina la aliyeshindwa?

Basi mimi nilijifunza kusoma jikoni.
Juu ya mlango wa banda la kuku: watu wa Guayaquil,
walioongoza mabao mawili hadi dakika ya themanini na saba.
Chini ya birika: wachimba bati wa Oruro,
mechi ya tatu, Santiago, uwanja usio wa nyumbani kwa yeyote,
mvua, na kipa mwenye vidole viwili vilivyovunjika
aliyevificha ndani ya glavu asije akatolewa.
Kwenye ufa wa dirisha, kuziba upepo wa kusini,
ile klabu ya Rosario iliyokataliwa na sarafu.
Ndiyo, sarafu; penalti hazijaanza bado.
Jasho la mechi tatu
likaamuliwa na kipande cha nikeli kilichobingirika
hadi kwenye kiatu cha mwamuzi.
Cha Cali baba alikitoboa matundu kwa msumari,
mama akawa anakunia jibini.
"Nileteeni Cali," alisema,
nasi tulijua leo kuna mikate.

Wenye maneno husema asiyekubali kushindwa si mshindani.
Sisi tulikubali kwa gramu,
tulikubali kila siku, tukiosha vyombo.

Ila chini ya mguu mfupi wa meza
vilikaa vibati vitatu visivyotajwa.
Ribereño. Ribereño. Ribereño.
Timu ya mtaa wetu, jezi rangi ya matope,
kwa kuwa matope ya mto yangezipaka tu.

Mara ya kwanza tulipigwa nne, tukasema ni ugeni.
Mara ya pili lilikuwa bao la mkono;
mtaa mzima uliuona ule mkono, redioni.
Mara ya tatu jirani yetu Celso, muuza barafu,
alipaisha penalti ya mwisho. Mpira haujashuka hadi leo.
Kuanzia hapo mama alinunua kwake mapande makubwa,
makubwa kuliko kiu yetu,
yakayeyukia uani bila mtu kusema neno.

Mwaka niliotimiza kumi na tisa, Ribereño wakaingia tena.
Mkono wa baba ulikuwa umeanza kutetemeka,
tindo nilishika mimi.
Cha Montevideo nilikichonga kipya.
Chetu akakataa. Akainama, akavuta kimoja chini ya meza,
supu ikamwagika upande wa mama.
"Futa mwaka," alisema. "Jina liache."
Nikafuta. Mkwaruzo ukabaki, na kidoa cha mafuta.

Dakika ya mia moja na kumi na tisa, kona, vurugu,
goti la nani sijui hadi kesho.
Nyavu.
Celso alikuja akilia, na barafu begani, bure.

Kibati kilichokwaruzwa kiko kwenye kombe sasa,
kimejipinda kidogo kwa uzito wa miaka ya supu.
Kilichorudi mfukoni kilikuwa cha Montevideo.

Usiku ule baba hakulala.
Alikigeuza, akakigeuza,
akakisugua kwa majivu na limau,
yeye ambaye hakuwahi kung'arisha cha yeyote.
Asubuhi akapiga magoti, akakisukuma chini ya mguu wa meza.
Unene uleule. Meza ikatulia.

Tulikunywa chai bila kuinua sauti,
kama watu wenye mgeni ndani
aliyefika na msiba wake.