Shingo

Nilipima uso wake, nikasahau shingo.
Nalisema mapema kosa hilo
nisije nikalizunguka.

Uso: sentimita hamsini na moja, pembe hadi pembe.
Plaiwudi nikaikata mwezi wa kumi
humu stoo, chini ya ghorofa zetu, Gliwice,
ambamo makaa ya baba yameacha weusi ukutani
na kabichi za jirani zinachachuka pipani.
Nikapiga msasa. Nikapaka buluu.
Nikatoboa matundu sita ya vitufe.
Kabati likasimama, limenyooka,
linangoja jicho.

Ni kioo cha kale, kile chenye tumbo,
kilo arubaini na kitu.
Mtu mmoja hukikumbatia tu;
kukiinua kunataka wawili.
Na wa pili ni Ziemowit, shemeji yangu,
ambaye tangu nyumba ya mama yao iuzwe
tunasalimiana kwa kidevu.

Siku tisa kioo kililala juu ya blanketi.
Ya kumi nikapiga simu.
Sikuomba radhi. Nilisema, "Nina kitu kizito."
Akaja, theluji ingali kofiani.

Hakugusa kitu. "Umekitoa umeme?"
Nikamwambia kimechomolewa tangu mwezi wa tisa.
Akachekea puani.
"Hivi havisahau eti kwa kuwa umevichomoa."
Akafunga waya kwenye bisibisi,
mkono wa pili akautia mfukoni,
akapenyeza ncha chini ya kifuniko cha mpira.

Tap!

Cheche ndogo, ya buluu kuliko rangi yangu.
Akarudia, akarudia,
mpaka kukawa kimya.

Haya, moja, mbili.
Pumzi yake yanuka kitunguu saumu, yangu sijui.
Uso ukaketi kwenye fremu, hata unywele haupiti.
Nyuma shingo ikachomoza kiganja kizima
na mlango ukagoma kufunga.
Nilikaribia kulia, mtu wa miaka hamsini na minane.
Ziemowit akazunguka, akaguna:
"Lipe kibiongo."
Akaukata msumeno mlango wangu mpya
bila hata kuniuliza,
vumbi likiyaangukia mapipa ya watu,
kisha kwa mbao za kreti la bia
akaunda kisanduku cha kuhifadhi shingo.

Tukawasha. Kioo kikachelewa, kikanguruma,
kikaleta picha ya kinyume:
herufi zinasomeka kutoka kulia,
chombo changu kinakimbilia kule ninakokikataza.
Ni nyaya mbili tu za kubadilishana, alisema, dakika tano.
Lakini hakuinuka.
Alivua glavu, akashika fimbo.
"Unanidai zloti mbili," akasema,
"tangu mashine zile za stesheni."
Nikamwambia ni tatu.

Tukabishana hadi saa nne ya usiku,
tukishindwa mchezo baada ya mchezo.
La ile nyumba hatukuligusa.
Bisibisi ipo pale juu ya kabati,
waya wake haujafunguliwa.