Msikiliza Mabomba

Kazi yangu ni ya usiku, msukumo wa maji ukipanda
na redio za Mburahati zimezimwa moja moja.
Nasimika fimbo ya chuma ardhini,
ncha yake ya juu naitia sikioni.
Bomba zima halina neno.
Lililopasuka husema shhh, shhh,
kama mtu anayembembeleza mtoto asiye wake.

Mwaka wa kumi na tisa huu.
Naisikia chini ya lami, chini ya banda la kuku,
chini ya kitanda cha watu wasiojuana vizuri.
Natia alama ya chokaa, Ndimbo anachimba.
Hajawahi kuchimba shimo kavu.

Siwema alipofia Mwananyamala
nilitia saini palipoonyeshwa,
nikaikunja kanga yake mara nne,
nikauliza gari ni shilingi ngapi.
Wakasema: huyu ndiye mwanamume.
Siku ya tano nikarudi kazini,
nikausikiliza mtaa mzima
isipokuwa nyumba moja.

Mita ilikuwa inazunguka, koki zote zimefungwa.
Nilimfokea Mwanahawa kwa sababu ya sukari.
Usingizi ulipungua, sijui ukienda wapi.
Kila mwezi ankara ya maji nisiyoyanywa,
nami nalipa, nalipa,
nasema Dar imepanda bei.

Ikaja Februari, joto la kuchuna ngozi,
ukoka wa uwanjani umekuwa rangi ya gunia.
Bi Chausiku, ambaye saa kumi alfajiri
huwa keshawasha jiko la vitumbua,
akanisimamisha nikitoka zamu:
"Fundi, matembele ya marehemu hayajanyauka.
Mvua hatujaiona tangu Desemba.
Nani anayamwagilia?"

Hakuna, nikamwambia.
Nikageuka kutazama.
Yalikuwa yametambaa ukutani kwa jeuri,
kijani kibichi, majani mapana kama viganja,
na mimi, mjuzi wa chokaa,
nilikuwa nikiyaruka kila alfajiri kuingia ndani.

Nikasimika fimbo palepale.
Shhh.
Chini ya chumba chetu. Chini ya upande wake wa kitanda.
Sijui limeanza lini.
Sijui nilikuwa nikisikiliza nini.

Nikakaa chini, fimbo bado sikioni,
na sauti iliyonitoka haikuwa ya bomba.

Ndimbo akaja na sururu bila kuitwa.
Kibwana akaigeuza bajaji yake, akatumulikia.
Wanawake wa kikoba wakatoka na ndoo,
wakakinga maji yaliyokuwa yakienda bure,
mmoja akimcheka mwenzake kwa kuvaa gauni nje-ndani.
Nilisubiri mtu aseme jikaze.
Bi Chausiku akanifuta uso kwa upande wa kanga
ulionuka iliki na mafuta moto.
"Jikaze tulishakwambia sana, ikakutosha.
Leo vuja."

Kipande kilichooza kilikuwa kifupi kuliko kidole changu.

Tumeliziba. Lakini udongo ulionywa mwaka mzima
haukauki kwa siku moja; sakafu yetu bado ina baridi
ukikanyaga pekupeku upande ule,
na mimi hukanyaga, makusudi.
Matembele sasa yanategemea mkono.
Mti mmoja umeshavukia kwa Bi Chausiku,
anachuma bila kuomba, nami sijamwuliza.

Jioni, kabla ya zamu, Mwanahawa huiazima fimbo.
Ananiwekea kifuani, anafumba jicho moja
kama anavyoniona nikifanya.
"Baba, leo kunasemaje?"
Zamani ningesema: hakuna neno.
Jana nilimwambia, kunavuja kidogo.
Akafikiri.
Akaenda kuleta kopo.