Ufunguo wa Kumi na Nne

Siku ile ya kwanza niliamka saa kumi na nusu
kama kawaida, nikabandika chai,
nikavaa sketi ya kijani, nikafunga vifungo vyote,
nikafika hadi mlangoni
ndipo nikakumbuka hoteli imefungwa.
Kaingu alikuwa macho. Hakusema kitu.
Alisogeza miguu yake nipate pa kukaa.

Miaka kumi na tisa nimetandika vitanda Malindi.
Vitanda vya fungate, vya wagomvi,
cha mzee mmoja wa Milano aliyelia usingizini
na asubuhi akaniachia peremende chini ya mto.
Nilijifunza kukunja taulo likawa ndege, shingo ndefu,
ndege ambaye hadi leo sijamwona akiwa hai.
Sinyora alimwita chinyo.
Mimi nilimwita unga wa mwezi.

Barua haikujaza nusu ukurasa.
Tulipanga foleni jikoni, waliokuwa wapishi,
waliokuwa watunza bustani
(hilo "waliokuwa" lilinikaba mapema)
tukarudisha sare, beji, funguo.
Nilirudisha kumi na saba. Wa kumi na nne ulibaki mfukoni.
Sikuuiba. Mkono ndio uliokataa.

Sasa hofu ina saa yake.
Haipigi hodi. Inakaa hapa, juu kidogo ya kitovu,
inauliza kwa sauti ya mwenye nyumba:
kodi? Karo ya Nyevu? Deni la mabati kwa Mzee Baya?
Jirani yangu Mbodze huniambia, mwachie Mungu.
Namwachia mchana.
Usiku najikuta nimemnyang'anya tena.

Jana nilikaa sakafuni, taulo la Nyevu mapajani,
mikono ikaanza yenyewe: kunja, viringisha, bana, pinda.
Ndege akatoka, mwembamba, na tundu ubavuni
pale panya alipotafuna.
Nikacheka peke yangu mpaka machozi.
Kisha nikawaza kama mtu wa kazi:
ni lini niliwahi kusafisha vyumba kumi na vinane
kwa mara moja?
Unafungua kimoja. Dirisha kwanza, harufu itoke.
Unatoa shuka bila kuuliza ilikuwaje.
Unafagia kutoka pembeni kuja mlangoni.
Unafunga. Unaandika namba.

Basi nimeipa hofu namba.
Kodi, chumba cha kwanza: nimemwendea mwenye nyumba,
kanipa hadi tarehe kumi. Uso kaukunja, lakini kanipa.
Karo, cha pili: bado nafagia.
Mabati, cha tano: nimetundika kibao cha Usisumbue.
Na kile cha mwisho kabisa, ambacho hata Kaingu hukipita akinyata,
kwamba itakuwaje mwanamke wa miaka hamsini na miwili
asiyejua kitu duniani ila vitanda,
hicho sijakifungua.
Najua kipo. Naona mwanga chini ya mlango.

Jumatatu naanza hospitalini, wodi ya wazazi.
Vitanda thelathini, mipira chini ya shuka,
na hakuna atakayetaka ndege wa taulo.
Msimamizi ni msichana wa Kibajuni, Mwanaesha,
angeweza kuwa mwanangu wa pili.
Aliniuliza, unaogopa damu?
Nikasema, hapana.
Akaandika kitu, kisha bila kuinua kichwa:
Hata mimi nilidanganya hivyo hivyo.

Usiku huu umeme umekatika Muyeye nzima.
Sare mpya ni ya buluu, mikono mirefu kuliko yangu,
nimeipinda kwa sindano nikimulikiwa na simu ya Kaingu
hadi chaji ikaisha, nikamalizia kwa kupapasa.
Asubuhi tutaona kama mishono imenyooka.
Ufunguo nimeutia kwenye mfuko wake wa kulia.
Haufungui mlango wowote Malindi hii.
Una uzito tu.
Nauhitaji uzito huo, walau hadi Jumanne.