Unga Ukwambie

"Vikombe vingapi vya tui, mama?"
Kalamu sikioni, daftari limeingia unga.
"Wataka hesabu? Tia mpaka unga ukwambie basi."

Nimetia. Nimengoja. Kimya.
Mimi, wa kwanza darasani miaka minane,
unga wa Kibokoni haujanisemesha hata neno.

Kwa Famau, unga una domo.
Huingia jikoni akipiga mluzi, hapimi, hatazami,
kiganja kinazama siniani, kinasita:
"Huu bado una kiu."
Na kweli, una kiu.

Huyo ndiye aliyeandikiwa ripoti kwa wino mwekundu:
Kichwa kizito.
Herufi zilimtawanyikia kama sisimizi waliomwagiwa maji;
lakini juzuu aliihifadhi akipanda na kushuka ngazi,
aya moja, kidato kimoja,
akikaa tu, inapotea.
Mwalimu alimtaka akae.

Mama aliisikiliza ripoti, mikono ina hamira,
akaikunja, akaisukumiza chini ya kopo la iliki.
"Kizito ni kile ambacho hakijaumuka,"
akalifunika sinia kwa leso.

Mimi nimenunua mizani Marikiti.
Gramu mia tano, tui mililita mia tatu,
naandika, nafuta, naandika.
Leo mahamri yangu yamefura,
yana hewa tumboni kama yake.

Famau amemega moja, anatafuna polepole.
"Hili lina kitu langu halina.
Nisomee hiyo karatasi," anasema,
"ila usikae.
Tupande ngazi."