Toleo la Saba

Toleo la kwanza nililitengeneza bila kumuuliza mtu.
Mabaki ya mninga, yaliyopona kwenye kabati la bwana harusi wa Isevya,
nikayapiga msasa hadi yakateleza kama sabuni.
Mabehewa kumi na mawili, reli ya mbao,
na pale Tabora njia zinapoachana,
huku Kigoma, huku Mwanza, huku Mpanda,
nikafunga king'ora kutoka redio mbovu.
Ukikosea, kinalia.
Nilijiona mjanja.

Mihambo alikosea mara moja.
King'ora kikasema la kwake
naye akaziba masikio, akaingia chini ya meza,
akakaa huko mpaka uji ukapoa.
Nami nimesimama na bisibisi mkononi
kama mtu aliyempiga mtoto wa jirani.

Mwalimu Sikudhani hakunilaumu.
Alikata ukurasa wa daftari, akanipa kalamu.
"Andika, fundi. Kosa lisipige kelele.
Kosa lisubiri."

Toleo la pili, basi: mdomo wa reli nikaubana kidogo,
behewa lisilo lake haliingii, linarudi taratibu
na hakuna anayejua ila aliyelisukuma.
La tatu nikalipaka rangi, nyekundu, njano, buluu,
harufu yake ikamtoa Nyanzala darasani siku mbili.
Nikakwangua yote. Ikarudi mninga na mistari yake,
na vidole vyao vikaanza kuifuata.
La nne nililiandikia maelekezo, kurasa mbili.
Mwalimu akafuta, akafuta,
akaacha mshale mmoja.
La tano lilivunjika. Tuliache.

Kisha Wande, miaka ishirini na sita,
akaisogeza treni yangu kwa kiwiko.
"Mimi si mtoto. Mimi nataka kuuza asali."

Nikachonga chupa. Nikachora noti kwa ukubwa wake,
nikapanga hesabu: nusu lita elfu saba,
mteja katoa kumi, rudisha tatu.
Wande akacheza mara nne, akapata zote nne,
akaniangalia kwa huruma.
"Wateja wako wapole sana," akasema.
"Weka anayesema fanya haraka.
Weka anayemuuliza mama wakati mimi nipo."

Nikarudi karakana usiku ule, nikamchonga mama mmoja
mkono kiunoni, shingo imepinda upande,
na bwana mmoja anayetazama saa.
Wande alipowaona alicheka mpaka akakaa chini.
Akadai na kadi moja, ya kwake, yenye maneno mawili:
*Subiri. Nahesabu.*
Hiyo sasa haikai kwenye sanduku la mchezo.
Iko sokoni, imeegemezwa kwenye chupa ya mbele,
na nimemwona bwana mwenye saa halisi
akiisoma, akiishusha mikono yake.

Mihambo bado ana treni.
Hapeleki behewa Kigoma, hapeleki Mwanza.
Anayapanga yote sakafuni, kila siku mpango uleule,
na la saba analigeuza, linatazama nyuma.
Mwezi mzima nimelinyoosha nikidhani amesahau.
Mwezi mzima amelirudisha bila kuninunia.

"Maana yake nini?" nikamuuliza mwalimu.
"Umemuuliza mwenyewe?"

Mihambo haongei mengi. Nikavua viatu, nikakaa sakafuni,
nikapanga mabehewa ya akiba pembeni ya yake,
na la saba nikaligeuza.
Muda ukapita. Treni ya kweli ikapiga honi kule stesheni,
naye kwa mara ya kwanza hakuziba masikio.
Alilitazama behewa langu, siyo mimi,
akalisukuma kwa kidole kimoja,
nusu inchi, labda pungufu.
Nilikuwa nimelipanga vibaya.

Kwa hiyo toleo la saba lina reli ya nne.
Inatokea Tabora kama zile nyingine
ila haifiki mji wowote ninaoujua,
na mdomo wake nimeuacha mpana.
Leo nimeipiga msasa mara ya pili.
Kesho nitampelekea, kabla ya uji,
nione ataniambia nimekosea wapi.