Meza ya Pande Nane

Walipochora alama ya X nyekundu ukutani kwa Chengula
na greda likala baraza lake asubuhi moja,
kreti letu la soda, lililobeba karata miaka tisa,
liliondoka na kifusi.
Tukabaki wanne kando ya barabara, mikono makwapani.
Ukungu wa Mafinga mwezi Juni
haumbembelezi mtu asiye na pa kukaa.

Nikasema: meza nitaitengeneza mwenyewe.
Nyagawa akacheka hadi akakohoa.
Mimi ni mtu wa chaki. Hesabu, kidato cha pili.
Hata msumeno niliuazima.

Pande nane, nikachora kwenye daftari la mazoezi,
kila pembe nyuzi mia moja thelathini na tano.
Hapo sina mpinzani.
Lakini ubao wa paini haukusoma shule yangu:
una fundo pale unapotaka laini,
una utomvu unaonata vidoleni
ukaenda nao mpaka kwenye ugali.
"Mwalimu," alisema Mwalongo wa kiwandani,
akinihesabia mbao kwa bei ya kirafiki,
"hizi bado zinakunywa maji. Zianike hadi Septemba."
Septemba! Na karata zimelala kabatini
kama wagonjwa.

Nikafanyia kazi chumbani kwa Ezroni,
maana dirisha lake ndilo linalopata jua la kwanza.
Kitanda nikakisukuma ukutani.
Yeye yuko Tunduma, mwaka wa tatu huu,
anahangaika na makaratasi ya malori.
Hupiga simu akikumbuka,
na akikumbuka tunashukuru.

Wiki mbili: unga wa mbao kwenye chai,
msasa, gundi, kidole gumba cheusi kama zabibu.
Nikatandaza sponji la godoro kuukuu.
Kilichobaki ni kitambaa, na dukani
bei ya kitambaa ilinirudisha nyumbani kimya kimya.
Tulinagwe akaingia na blanketi la bweni,
la kijani, lenye namba mia na kumi na nne
kwa uzi mwekundu, alioushona yeye
usiku wa kuamkia safari ile ya kwanza ya shule.
Nikachukua wembe niifumue namba.
"Iache," akasema.
Sikuuliza.

Jumamosi wakaja kunisaidia kuitoa iende sebuleni.
Mlango ukakataa.
Tukailaza ubavu, tukaisimamisha, tukaigeuza miguu juu,
Chengula akashauri tuikate, nikamwangalia, akanyamaza.
Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa mlango.
Tulinagwe alikaa chini pale koridoni,
pindo la kanga mdomoni, machozi yakimtoka:
"Mwalimu wa hesabu! Jamani, mwalimu wa hesabu!"

Basi tunachezea humo humo.
Wawili wanakaa kitandani kwa Ezroni, wawili kwenye viti,
jiko la mkaa liko mlangoni, dirisha tumelipa upenyo.
Pesa hazigusi meza hii, ndiyo amri ya mwenye nyumba,
naye si mimi.
Tunawekeana njegere kavu.
Na kwa kuwa mbao zimekaukia kwenye misumari,
upande wa Nyagawa umeinama kidogo,
kwa hiyo njegere zinambingirikia zenyewe,
na kila usiku anaondoka tajiri
mtu asiyejua kucheza.

Juzi simu ikalia katikati ya mchezo.
Mama yake akaipokea, akaipandisha sauti,
akaiweka juu ya namba ile ya uzi mwekundu.
"Mbona kuna kelele? Mko wapi?"
"Chumbani kwako," nikasema.
Kimya. Huko mpakani lori likapiga honi ndefu.
Nikaanza kupanga maneno kichwani: mlango, vipimo, msamaha,
kitanda tutakirudisha tu ukija.
"Turufu nini?" akauliza.

"Shupaza," akajibu mama yake kabla sijafungua mdomo,
yeye ambaye miaka yote hii
anaapa kwamba karata hazijui.