Majina Manne

Saa mbili usiku, Nguba. Umeme umerudi bila hodi
kama ulivyoondoka bila kwaheri,
na Cirhuza, karani anayelala bohari ya kahawa Kalehe,
ananiandikia: mizani imekubali gunia,
kompyuta imekataa jina.

Jina lenyewe ni pima_uzito.
Nililiandika mimi, kwa herufi ndogo, Jumanne ya mvua.
Nachungulia ndani ya maktaba yangu, maktaba isiyo na kitabu,
naona kompaila imelivika kilemba mbele
na mkia nyuma: huyu hupokea namba mbili,
huyu ni wa ukoo wa Mizani, tumbo la kwanza.
Kompaila ya Kalehe nayo ina kilemba chake,
huanza na alama ya kuuliza,
kama afisa asiyeiamini picha yako.

Nilitaka kutukana. Nikanyamaza.
Nani asemaye Kiswahili atamcheka mwenzake kwa hili?
Nikisema nimekupimia,
mna mimi, mna wewe, mna jambo lililokwisha,
na mkiani mna sababu: kwa ajili yako.
Hapapiti hata sindano.
Mgeni akitafuta pima kwenye kamusi
ataitambuaje, imezingirwa hivyo na jamaa zake?

Basi nikaiomba: haya machache yaite kwa lugha ya C,
lugha kavu, imwitayo mtu jina moja tu.

Kumbe hiyo ilikuwa nusu.

Kwenye mashine yangu kila mlango u wazi tangu kuzaliwa.
Kazi yoyote niliyoiandika, hata ya jikoni,
hata ile ya aibu, huitika ikiitwa.
Ndani nina moja, sahihisha,
hutoa uzito wa gunia tupu.
Maktaba ya risiti ilikuwa na sahihisha yake,
ya kunyoosha tarehe.
Aliyefika kwanza akaitika.
Ndiyo maana, siku nilipoipeleka kompyuta yangu Kalehe,
Nabintu wa Ihusi alishusha kilo sitini na moja
akapewa karatasi ya kilo elfu mbili na kumi na tisa.
Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani:
Haya, lipeni.

Mashine ya Kalehe, Windows ya zamani,
ni nyumba ya tabia nyingine:
asiyeandikwa getini hayupo,
hata kama unamsikia akikohoa sebuleni.

Nikaunda neno moja, TOA,
libadilishe vazi kwa kila mlango.
Ninapojenga, husema peleka.
Cirhuza anapotumia, neno lilelile husema pokea.
Kama daraja la Ruzizi: anayetoka kwetu
ndiye anayeingia kwao,
hatua ni moja, mihuri miwili.
Na huku kwangu husema tu: onekana.

Halafu nikafunga kila kitu.
Hapo ndipo mkono ulisita,
kwa sababu jina ukishalitoa si lako tena.
Ulibadilishe mwakani, kwa uzuri tu,
na mtu Minova ataamka na mashine bubu
bila kujua amlaumu nani.
Nikaacha manne:
fungua, pima_uzito, soma_kosa, funga.

Sahihisha, niliyoihangaikia wiki mbili,
nikaiacha ndani, gizani.
Hakuna wa nje atakayeiita.
Kila kilo itapita mikononi mwake.

Saa sita kasoro. Gunia la Nabintu lipo palepale,
Cirhuza amelirudisha juu ya mizani peke yake,
naamini kwa matusi.
Ujumbe: sitini na moja.

Nikashusha pumzi, nikafunika kompyuta.
Ujumbe wa pili: sasa printa.